Sufuria ya Juu Kabisa

Wiki iliyopita, kwenye duka la vyombo hapa Tunduma, mama mmoja alitaka sufuria kubwa ya kupikia harusi ya binti yake. Masufuria makubwa yalikuwa rafu ya juu kabisa. Wenye maduka wetu hupenda kuweka kizito juu ili kionekane kutokea barabarani. Kichwa kilicho chini yake hakihesabiwi. Muuzaji akaweka kreti ya soda juu ya nyingine, akapanda. Zikayumba.

“Shuka, baba,” mama akasema, amezikumbatia kreti. “Nimefuata sufuria ya harusi, siyo ya msiba.”

Hakununua mpaka ngazi ilipoazimwa kwa jirani.

Jana nilipita tena. Masufuria yako chini, juu kuna mabeseni ya plastiki. Nikamuuliza muuzaji kama wateja bado wanayaona masufuria kutokea barabarani.

“Hawayaoni, wanauliza,” akasema. “Na mimi nipo wa kuwajibu.”