Idwal Hauzi Gari

Daktari wa macho alipomkataza kuendesha, Idwal Prydderch alirudisha leseni bila ubishi. Lakini binti yake Eirlys alipotamka neno kuuza, mzee alipiga meza hata vikombe vikaruka.

"Hiyo Morris niliinunua wewe hujazaliwa. Haitoki hapa!"

"Baba, hata uso wangu huuoni. Gari la nini?"

"Uso wako naujua. Umeukunja, kama mama yako."

Jumamosi iliyofuata, mvua ya mji wao wa Blaenau ikichapa mapaa ya mawe, Eirlys alimkuta bandani, mlango wazi, boneti juu, mikono myeusi hadi viwikoni. Oili chafu ilikwisha kumwagwa karaini, plagi zote zilikuwa nje. Sasa alikuwa kwenye valvu: anazungusha injini kwa hendeli polepole, anapenyeza kibati chembamba cha kupimia nafasi ya valvu, anakivuta.

"Baba! Utajikata!"

"Nyamaza, nasikiliza."

"Unasikiliza nini, na injini imezimwa?"

"Kidole changu. Kibati kikipita bure, nafasi imezidi. Kikigoma, imebana. Kikija shingo upande, hapohapo. Sasa macho ya nini?"

Nati ikamponyoka, ikalia sakafuni. Eirlys akainama kuiokota.

"Iache!"

Mzee akapiga magoti, akapapasa kwenye utelezi wa oili, akajigonga paji la uso kwenye bampa, akatoa matusi ambayo waumini wenzake kanisani hawajui kama anayajua. Eirlys alifumbata mikono, akauma mdomo. Ilimwia vigumu kuliko alivyodhani, kusimama tu. Hatimaye mzee akaibuka na nati yake.

"Haya, nani kipofu?"

"Wewe. Na unatoka damu."

"Damu yangu mwenyewe."

Akamaliza valvu, akarudisha plagi, akamimina oili mpya akiipima kwa ncha ya kidole. Akakaa kwenye usukani, akawasha. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, kisha ikatulia, ikinguruma sawasawa.

"Utakwenda nalo wapi?" Eirlys akauliza, amerudi mlangoni penye mvua.

"Nani kasema nakwenda? Ingia, unalowa."

Akaingia. Walikaa hivyo, gari likitetema chini yao, halisogei hata hatua. Eirlys hakusema ameridhika, wala neno kuuza hakulitamka tena.

"Wiki ijayo ni breki," mzee akasema.

"Breki za gari lisilokwenda?"

"Hizohizo."