Mkwe Hatazamwi

Watu wa Nyabiyonza walizijua hasira za Eustadia kama walivyoijua radi. Lakini hasira iliyomshika miaka ile ya hamsini, kahawa ilipokuwa na bei nzuri, mila ilimkataza kuitoa mdomoni. Aliyeiwasha alikuwa mkwewe.

Mama mkwe na mume wa bintiye hawakutazamana usoni. Wakikutana njiani, mmoja aliingia migombani hadi mwenzake apite. Likiwapo neno, lilipitia kwa mtu wa tatu. Eustadia aliishika mila hiyo tangu Joviana, bintiye, aolewe na Elpidius, na haikumtaabisha hata siku moja, mpaka Elpidius alipopewa bomba la kupulizia kahawa dawa.

Bomba lilitoka kwa Rwezaura, Bwana Shamba kutoka Bukoba, aliyewahakikishia wakulima kwamba dawa ile huua wadudu tu, binadamu haimgusi. Elpidius alilibeba mgongoni, miguu pekupeku, akapita shamba kwa shamba, na jioni alirudi mweupe kama aliyetoka kusaga unga. Kopo la dawa alilificha chini ya kitanda lisiibiwe. Shati lake Joviana alilifua katika beseni lile lile alimoogeshea mtoto.

Joviana akashika mimba ya pili. Akaja kwa mama yake akitapika, viganja vimechunika.

“Ni mimba tu, mama.”

“Mimba nimebeba, tena yako wewe. Haikunichuna ngozi.”

Elpidius alipomfuata mkewe, aliketi nje, mgongo ukutani. Eustadia alibaki ndani. Mzee Kashaija, jirani mpenda mzaha, akakaa mlangoni kuwa mdomo wao.

“Kashaija, mwambie huyo aliyeko nje kwamba anamuua mwanangu.”

“Mkwe, mama anakusalimu sana.”

“Sikusema hivyo!”

“Anasema naye amefurahi kukusikia.”

“Mzee wewe, nitakupiga mwiko!”

“Ndiyo maana nimekaa mlangoni, mwanangu.”

Nje, Elpidius alikohoa. “Mzee, mwambie mama kwamba Bwana Shamba amesema haina madhara.”

“Muulize, Bwana Shamba anateka maji wapi? Anafuliwa na nani?”

Hilo Kashaija hakulifanyia mzaha. Alilifikisha lilivyo. Elpidius aliinuka aende zake, na Joviana, akiona haya kwa wote wawili, alijitanda kanga akaondoka na mumewe.

Haikupita wiki, Eustadia alishuka chemchemi na mtungi. Wanawake walikuwa wamesimama kando, wakingoja. Elpidius alikuwa ameinama majini, anasuuza bomba, na maji meupe yalitiririka kuelekea wanapochotea. Joviana alikuwa miongoni mwa waliongoja, ameshika tumbo.

Mtu akanong’ona, “Mama mkwe wako huyo!” Elpidius akafunika uso kwa kofia, akageuka akimbilie vichakani.

Eustadia hakupisha. Alitua mtungi, akamkata njia.

“Simama! Nitazame!”

“Mama, mila…”

“Mila gani ya kunikataza nikuone, na haikukatazi kumnywesha mke wako sumu? Toa kofia!”

Aliipokonya mwenyewe. Ndipo akauona, kwa mara ya kwanza, uso wa mwanamume aliyemchukulia binti yake. Macho yalikuwa mekundu, yanachuruzika. Midomo ilitetemeka, na mikono vilevile. Alikuwa kijana mdogo, tena mgonjwa kuliko Joviana. Eustadia alikuja na matusi ya kumtosha mkwe; sasa yakatafuta mtu mwingine.

“Na wewe wamekuua,” alisema. “Na wewe, mjinga wangu, wamekuua.”

Habari ilifika kwa mkungu, mkuu wa kijiji, kabla mtungi haujajaa. Baraza likaitwa upesi. Wajomba wa Elpidius walidai mbuzi wa kuondoa aibu, maana mama mkwe amemvua mkwe kofia mbele za watu.

“Mbuzi nitatoa,” alisema Eustadia. “Na nani atatoa mbuzi wa chemchemi?”

“Hilo halikuletwa barazani,” alisema mkungu.

“Nimelileta sasa.”

“Leo tunasikiliza la kofia.”

“Kofia!” Sauti yake iliwashtua hata kuku uani. “Chemchemi nzima imetiwa sumu, wazee mmekaa kuamua kofia!”

Rwezaura, aliyealikwa kwa heshima, alitabasamu. “Mama, dawa hii imetoka kwa wataalamu.”

Elpidius akasimama, macho chini. Wajomba walimvuta shati, hakuketi. Alilitua bomba alilokuja nalo miguuni pa Bwana Shamba.

“Mbuzi simtaki,” alisema. “Na hili silitaki.”

“Wapo wengi wanaolitaka,” alijibu Rwezaura.

Ilikuwa kweli. Kabla ngozi mpya haijaota kwenye viganja vya Joviana, bomba lilikuwa mgongoni mwa Yustus, kijana wa Isingiro, naye akashuka kulisuuza pale pale. Alimkuta Eustadia amesimama juu ya jiwe la kuchotea, wanawake nyuma yake, mitungi mitupu mikononi. Joviana alikuwamo, tumbo sasa limejitokeza.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Hapa hupiti.”

“Mama, mimi nimetumwa tu.”

“Rudi ukamwambie aliyekutuma alioshe nyumbani kwake. Lakini kwanza litue chini, mwanangu, unijibu: hiyo kaptula yako, nani anakufulia?”