Punda Aliyelamba Kiatu

Orpha Stiverson alizaliwa na ugonjwa wa kuuliza. Alipokuwa mdogo huko Lyons, Kansas, alimsumbua baba yake, mchimba chumvi, amweleze imekuwaje chumvi ikae chini ya shamba la ngano na bahari yenyewe hawajawahi kuiona. Baba hakujua, lakini hakumkemea. Alikuwa akiacha viatu vyake vyeupe kwa vumbi la chumvi mlangoni, na asubuhi wanavikuta vimelambwa na ng'ombe mpaka vinang'aa.

Baba alikufa. Orpha akajifunza kupiga taipu, na mwaka 1911 akapata kazi Topeka, katika ofisi ya jimbo iliyoanzishwa kwa sheria mpya: kampuni yoyote inayotaka kuwauzia watu hisa lazima kwanza ikaguliwe, na isipopewa kibali isiuze hata moja. Watu waliiita sheria ya anga, maana matapeli walikuwa wameshawauzia wakulima kila kitu, ikabaki kuwapimia viwanja mawinguni. Sijui kazi gani nyingine ingemfaa mtu yule. Hapa alilipwa mshahara kwa kuuliza.

Masika ya mwaka uliofuata ikaja barua ya mama yake, Keturah. Shemasi wa kanisani, Purvis, alikuwa amemwonyesha kijitabu cha kampuni ya mgodi wa fedha wa Santa Rufina, Meksiko. Mama ameamua kuuza nyumba anunue hisa, na kibali kikitoka tu, shemasi atakuja na karatasi. "Picha yao imenituliza moyo," aliandika, "ingawa macho yangu unayajua yalivyofifia." Orpha alisoma barua ile mara mbili. Maombi ya Santa Rufina yalikuwa juu ya meza yake.

Siku tatu aliyachambua. Hesabu zilikuwa safi, mihuri ya Meksiko ilikuwepo, na majina ya wakurugenzi yalijaa ukurasa. Hakuna pa kushika. Ijumaa mkurugenzi mmoja, Bwana Fitch, alikuja mwenyewe kuchukua kibali, akakaa na kofia yake gotini, mpole kama bwana harusi. Lathrop, mkuu wa ofisi, akachukua muhuri.

Orpha alikuwa ameinamia picha ya kijitabu na kioo cha kukuzia. Wachimbaji tisa mbele ya mdomo wa mgodi, nyuso ndogo kama punje. Pembeni, punda ameinamia mguu wa mmoja wao, kichwa chake kimefifia kwa kutikisika.

"Bosi, huyu punda anafanya nini hapa?"

"Orpha, tumeajiriwa kukagua kampuni. Mifugo ina ofisi yake."

"Najua. Lakini analamba kiatu. Bwana Fitch, analamba nini?"

Fitch akacheka, akasema vumbi la fedha, binti, mgodi ule ni tajiri kiasi kwamba hata wanyama wanaufaidi.

Lathrop alikuwa amekulia shambani, mwana wa mfuga ng'ombe. Aliushika muhuri hewani kitambo, kisha akauweka chini taratibu. Akaomba kioo, akatazama mwenyewe, akaviona viatu na suruali vyeupe kwa vumbi hadi magotini.

"Nimelisha wanyama miaka ishirini," alisema. "Sijaona anayelamba fedha; wanalamba chumvi. Picha hii ilipigwa wapi?"

Fitch alianza kueleza, akaeleza tena tofauti, kisha akakumbuka ana treni ya kuwahi. Kibali hakikutoka, na shemasi hakuwa na cha kuuza.

Ni baada ya mlango kufungwa ndipo Orpha alipokirudia kioo, sasa akitaka kujua kiatu ni cha nani. Akaufuata mguu kwenda juu, akafika bega la kushoto lililolala kidogo, akafika uso wa baba yake. Akakaa kwenye kiti cha Lathrop bila kuomba ruhusa, akalia.

Alikumbuka. Mpiga picha mmoja wa kutembeza alipita Lyons akawapanga wachimbaji, na baba alikataa kulipa nusu dola apate nakala. Nyumbani kwao hapakuwa na picha yake hata moja. Sahani ya kioo aliyopigia picha ile bila shaka iliuzwa mkono kwa mkono mpaka ikawafikia akina Fitch.

Alimwomba Lathrop kijitabu kile. Lathrop aliona haya kweli, lakini akakataa: ni ushahidi, hakitoki ndani ya faili. "Ila mafaili yetu yako wazi kwa raia yeyote," alisema. "Sheria imesema hivyo."

Basi Orpha akamwandikia mama yake, na Keturah akapanda treni. Alifika kaunta na kofia yake ya kanisani, akaomba faili la Santa Rufina. Orpha akamshikia kioo. Mama alitazama mpaka mkono wa binti ukachoka.

"Ndiyo maana niliiamini," alisema. "Na nilimwambia atoe ile nusu dola."

Alikuja kila mwaka tangu hapo, na daftari la wageni bado lina mwandiko wake. Wengine waliandika wanakagua mtaji au deni. Yeye, kwenye sababu ya kukagua, aliandika: kumwona mume wangu.