Punda wa Baba Siku ya Matawi

Baba alirudi kijijini kwetu Lukuledi magoti yakiwa yameshachoka. Ujana wake wote aliumalizia Arusha, kwenye zizi la farasi wa mashindano. Wapandaji waliruka viunzi na kupokea vikombe. Yeye alimpokea farasi aliyelowa jasho, akamtembeza polepole mpaka pumzi itulie. Aliipenda kazi hiyo, na huku kwetu hakukuwa na farasi hata mmoja.

Akanunua punda jike. Mama alifurahi, akijua sasa maji yamepata wa kuyabeba. Lakini Baba hakumtwika kitu. Kila asubuhi alimfunga kamba akazunguka naye kwenye mikorosho, wakisimama, wakiondoka, wakipita karibu na mashine ya kusaga ili azoee kelele. Mama alinuna, akaendelea kujitwisha ndoo.

Mimi nafundisha shule ya msingi hapo kijijini. Nikitoka kazini nilimtembeza punda kwa zamu yangu, kwa kuwa Baba hakuweza kwenda mbali. Alinielekeza nisimvute kwa mbele. Nikae usawa wa bega lake, kamba ilegee, na akisita nimpe nafasi aangalie.

Kwaresima ilipokaribia kwisha, padre alikuja kuuliza kama punda angeweza kuongoza maandamano ya Jumapili ya Matawi. Baba alikubali hata kabla padre hajamaliza. Asubuhi ya siku yenyewe goti lake likavimba. Alinikabidhi kamba.

"Baba, sitaweza," nikamwambia.

"Wewe tembea tu. Anakufahamu."

Yeye alipakiwa kwenye bodaboda, akatangulia kanisani, akawekewa kiti mlangoni.

Tuliondoka shuleni vizuri, kwaya nyuma yetu na ngoma zao. Mvua ilikuwa imenyesha siku zilizotangulia, na karibu na kanisa maji yalituama njia nzima. Punda akasimama. Watu wakasongamana nyuma. Kijana mmoja wa kwaya akavunja tawi la mti, akaja nalo.

"Usimpige," nilimwambia, kwa sauti yangu ya darasani. Akalishusha.

Nikalegeza kamba. Punda aliinamisha kichwa, akayanusa maji, akapumua kwa nguvu. Kwaya ilirudia ubeti uleule mpaka ukafifia. Nilikuwa nimevaa viatu vipya, vyeupe. Nikaingia navyo majini, nikasimama humo bila kugeuka. Nikasikia ukwato mmoja ukizama, kisha wa pili.

Padre akainua kanzu yake akatufuata, na waumini wote wakapita na matawi yao, wengine wakicheka, viatu mkononi.

Tulipofika, Baba alikuwa amesimama, ameshikilia mgongo wa kiti. Aliipapasa shingo ya punda, kisha miguu.

"Kapita mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Mkono aliouweka begani mwangu haukuondoka upesi.

Wiki iliyofuata Mama alimtwika punda madumu mawili, akaenda naye kisimani. Kina mama wenzake walimwona akirudi bila ndoo kichwani, akizungumza na punda. Siku hizi wawili kati yao huleta punda wao Jumamosi. Humwamkia Baba shikamoo, naye huwaonyesha pa kusimama, usawa wa bega la punda, na namna ya kushika kamba. Hutembea nao kidogo, hupumzika, kisha hutembea tena.