Kisima Kilichotia Ndizi Weusi

Kisima cha kijiji kipya cha ujamaa kule Muleba kilitoa maji maangavu, na mimi, mhitimu wa juzi tu wa chuo kikuu, niliyechagua mahali pa kuchimba, nikajiona mtu. Kisha wanawake wakayapikia ndizi. Zikaiva nyeusi.

Kwetu Wahaya hilo si dogo. Ndizi zikipikwa huiva zikawa za manjano. Jirani yangu alikuwa amewapikia wakwe zake, nao wakaondoka bila hata kunawa mikono. Alinijia na sufuria, akaniita kwa heshima ya Kihaya:

"Waitu, ndugu mtaalamu, kula wewe basi!"

Nikala. Zilikuwa na ladha ya msumari.

Nikamweleza. Maji ya mvua yakipenya kwenye majani yaliyooza huishiwa hewa, yakawa makali kidogo, kama ndimu. Yakifika kwenye mwamba huko chini, huyeyusha chuma kilichomo. Hukioni mpaka maji yapate hewa. Ndipo hugeuka kutu, na kikikutana na utomvu wa ndizi, weusi.

"Kumbe umetuchimbia misumari!" Wanawake wenzake wakacheka.

Mimi sikucheka. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshasema: wanawake wakiyakataa maji, pampu ya kisima inahamishiwa kijiji kingine, nao warudi kuteka bondeni, kwenye maji yanayowaharisha watoto kila masika.

Dawa ilikuwa rahisi: mimina maji toka ndoo hadi ndoo yapate hewa, yaache wazi yalale kutu ishuke, kisha yachuje kwa mchanga. Lakini bwana afya alikuwa amenitangulia kuagiza maji yafunikwe. Kila mtungi ulikuwa umefungwa jani la mgomba, ukakazwa kwa kamba.

"Serikali moja inasema funika, nyingine inasema funua," jirani akasema. "Huko Bukoba hamzungumzi?"

Nikaanza kuwaza. Je, vumbi? Je, mbu? Je, kama nimekosea, na mwamba wenyewe una kitu kingine nisichokijua? Mwishowe nikaamua: mimina kwanza, kisha funika kwa kitambaa chepesi. Nikamimina mwenyewe uwanjani, shati limelowa chapachapa, kijiji kizima kikinitazama kama kinatazama ngoma. Maji yakageuka rangi ya udongo.

"Mtazameni! Ameyaharibu zaidi!"

Nusura niitupe ile ndoo.

Kesho yake nikayachuja, yakatoka safi. Jirani akapika mbele ya watu. Ndizi zikaiva za manjano. Akaonja, akaongeza chumvi. Mwenyekiti alikula sahani mbili, akasimama na kutangaza kwamba pampu haiondoki.

"Ndugu zangu," akaendelea, "lile jiwe la kisimani lilikuwa bado geni. Sasa limetuzoea."

Watu wakapiga makofi. Jiwe limewazoea! Nikanyanyua mkono nianze upya habari ya hewa na chuma. Jirani akanivuta shati.

"Kaa chini, waitu. Pampu imebaki. Unataka afikirie tena?"