Mama Yangu Kwenye Albamu ya Roki

Mwaka huu nimesikiliza karibu kila albamu mpya ya roki iliyonifikia, na sina hamu. Kuna kundi moja la wazee wa Ulaya lililotangaza kwamba albamu inakuja, likatangaza tena, likatoa picha ya kava, likatoa na kipande cha video cha kutuambia tarehe itatajwa lini. Ilipotoka nikamkuta babu wa watu anaimba habari za kumsubiri msichana nje ya geti la shule. Sauti wameipitisha kwenye kompyuta mpaka haina hata kikohozi. Kundi jingine limetoa upya albamu yake ya zamani, limeiita toleo maalumu, na mwishoni wamebandika nyimbo tatu ambazo wao wenyewe walizikataa enzi hizo wakiwa na akili timamu. Vijana wapya wanajua kupiga gita, sikatai, ila wanalipiga kama wapangaji wanaomwogopa mwenye nyumba.

Tena siku hizi albamu haitoki. Inadondoka wimbo mmoja mmoja kama maji ya bomba letu, na ikifika yote umeshaichoka. Mimi nilikulia kwenye kanda. Mjomba wangu alikuwa anavuka mpaka kwenda Zambia kuuza maharage, akirudi anakuja na kanda za roki ya Wazambia wa zamani, gita linakwaruza, mwimbaji anaimba kama amegombana na mtu dakika hiyo hiyo. Kanda ilikuwa na upande wa kwanza na upande wa pili, na hukuwa na namna ila kumsikiliza mtu mpaka amalize. Hapo ndipo nilipoharibikiwa, kama wanavyosema nyumbani.

Sasa nina kibanda mjini huku Rukwa, mtaa wa Majengo, napakia nyimbo kwenye simu na fleshi za watu. Zamani kilikuwa na foleni. Siku hizi kila mtu ana bando lake, wanaokuja ni wenye redio za pikipiki na wazee wanaotaka kwaya. Kwaya ndizo zinazonilisha, nazishukuru. Lakini mteja wa kwaya akinikuta nimefungulia kitu changu, spika inanguruma, anasimama mlangoni na kuuliza kama nimeuza roho. Na huyo anayeuliza anatoka mji huu huu ambao nchi nzima inatutania kwa uchawi.

Albamu iliyonitia uchungu hasa, hata hivyo, bado haijatoka. Inakuja. Na anayekuja nayo ni mshikaji wangu.

Tulikua naye. Yeye ni mtoto wa mjini, wa hapa hapa Majengo, mimi nilikuwa natoka kijijini kuja kusoma sekondari. Mimi ndiye niliyempa kanda ya kwanza. Likizo alikuwa anapanda nami hadi kwetu, kijiji cha juu kule kwenye upepo, anakula ugali wa ulezi wa mama, anachonga magita ya mbao na nyaya za breki za baiskeli. Alipata kipaji, mimi nikapata masikio tu. Akaenda Dar es Salaam, akahangaika sana, na sasa ana kundi lake la roki ambalo watu wa huko wanalizungumzia. Nilikuwa najisifia kwa wateja ambao hata hawakujua roki ni nini. Albamu yake ilipotangazwa niliisubiri kuliko ya mtu yeyote duniani.

Wakatoa wimbo mmoja wa kuonjesha. Niliusikiliza kibandani asubuhi, nikiwa nafagia. Unaanza na mlio wa jiwe juu ya jiwe, unakwenda na kurudi, kisha besi inauingia mlio ule kwa chini, kisha gita, zito, chafu, la kupendeza kweli. Halafu akaanza kuimba kwa Kifipa, Kifipa chake cha mjini kinachokanyaga maneno vidole. Nikaacha fagio. Alikuwa anaimba wimbo wa mama yangu.

Ni lazima nieleze mambo ya jiwe, maana wa mbali hawezi kujua. Kwetu mashine ya kusaga ilikuwepo, lakini ya mahindi. Ukipeleka ulezi unarudi na unga uliochanganyika na mabaki ya mahindi ya jirani. Kwa hiyo ulezi mama zetu waliusaga nyumbani, wamepiga magoti nyuma ya jiko. Na mwanamke akiwa jiweni aliruhusiwa kuimba lolote. Angeweza kumsema mume, mama mkwe, wifi, padri akitaka. Hakuna aliyemjibu. Hakuna aliyemgusa kwa alichokiimba, na akishainuka na kukung'uta nguo, jambo lile halizungumzwi tena mpaka siku nyingine ya kusaga. Kila mmoja alikuwa na wimbo wake. Hukuchukua wa mwenzio, kama usivyochukua godoro lake.

Wimbo wa mama ulikuwa unamsema baba. Baba alikuwa mtu wa kanisa, anayesoma masomo Jumapili, na alikuwa anashuka Ziwa Tanganyika kununua dagaa. Huko ziwani alikuwa na nyumba nyingine, mke mwingine wa Kiislamu, na watoto. Tuliwaona kwa mara ya kwanza kwenye msiba wake, wamesimama pembeni na vitenge vyao vizuri, na mama akawapokea kwa mikono miwili akawapa maji ya kunawa. Hakuwahi kusema neno. Aliliacha jiweni. Beti moja inasema nimesaga, unga umejaa chungu, wa kuula yuko ziwani. Nyingine inasema amerudi, nguo zake zinanukia moshi wa jiko nisilolijua.

Ndiyo maneno aliyokuwa anayaimba mshikaji wangu, na gita nyuma yake. Na chini ya video wameandika: wimbo wa asili wa Wafipa. Asili! Kana kwamba uliota wenyewe kando ya njia, mbuzi wakaupita, yeye akaukuta.

Nilimpigia.

"Mambo vipi, kaka! Umeusikia?"

"Nimeusikia. Ule ni wimbo wa mama yangu."

"Sasa si ndiyo maana nimeuweka! Kaka, huku watu wamechizika. Wanasema roki ya namna hii hawajawahi kuisikia."

"Umeandika wimbo wa asili."

"Ningeandikaje? Ni utamaduni wetu ule, mshikaji. Wa Wafipa wote."

"Wafipa wote hawakuolewa na baba yangu."

Akasema taratibu, kama anayeongea na mgonjwa, "Usikasirike, kaka. Muulize mama mwenyewe."

Nikamkatia simu. Mtu amekula ugali wa mama yangu miaka yote ile, leo ananituma kwa mama yangu.

Nilijipa moyo kwamba hakuna atakayeusikia. Nani anasikiliza roki Rukwa? Lakini haikupita wiki mbili akaja mteja kutoka Ilemba, bondeni kule chini, dereva wa bodaboda, akanyoosha fleshi na kusema anataka ule wa kusaga. Nikamwambia sina. Akaniambia, "Unao, bosi, nimeusikia hapa nje juzi." Kweli nilikuwa naurudia kila siku, mlango umefungwa nusu, nautafutia kosa. Nilimwambia kompyuta imeharibika. Alipoondoka nilijua kwamba huu si wimbo wa kuzuia. Kifipa ndicho kitakachoubeba. Wataucheza kwenye harusi na vilabuni, watapita nao kwenye pikipiki mbele ya mlango wa mama, na yeye atasikia ndoa yake inapigiwa gita. Watausikia na ndugu zetu wa ziwani. Mama ni mzee sasa. Niliona ni heri aupate kwangu kuliko kwa mpita njia, na nilitaka aniambie neno moja tu, kwamba ameibiwa. Hilo neno nililitaka sana. Ningelipeleka Dar es Salaam mwenyewe.

Nilitoka chumbani kwangu, mtaa wa Milanzi, asubuhi, nikakodi pikipiki hadi kijijini, baridi ikanikata mpaka masikio. Nilimkuta mama ameketi kwenye mkeka uani, anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kwema huko? Mbona umekuja katikati ya wiki?"

Sikuzunguka. Nikamwambia kuna kitu anapaswa kukisikia, akae vizuri. Nikatoa simu, nikaufungulia. Mlio wa jiwe ulipoanza vidole vyake vilisimama juu ya ungo. Gita lilipoingia akakunja uso, na mwimbaji alipoanza akainamisha kichwa upande, akasikiliza hadi mwisho. Mimi nilikuwa namwangalia, nasubiri machozi au matusi.

"Hilo gita linamfunika," alisema. "Lakini ameshika. Nilifikiri hataweza kushika."

Sikuelewa. Nikamuuliza kama alikuwa anafahamu habari hizi.

"Si alikuja. Wakati wa kuvuna. Aliniletea sukari na kitenge."

"Akauchukua?"

"Akaniomba. Alikaa hapo hapo ulipokaa wewe. Akasema mama, niimbie ule wa jiweni. Nikamwambia mimi siimbi mikono mitupu. Akaenda kutafuta ulezi kwa jirani, akauleta, nikasaga. Miaka mingi sijasaga, magoti yaliniuma. Alisikiliza mpaka nilipochoka."

Hapo nilikasirika upya, na safari hii sikujua nimkasirikie nani. Nilimwambia hakutakiwa kutoa. Nilimwambia wimbo wa jiweni hautolewi, yeye ndiye aliyetufundisha hivyo. Nikamwambia wameandika ni wa asili, hawakumtaja popote.

"Wanitaje wanipeleke wapi?"

"Na mambo ya baba? Watu wa ziwani watasikia."

"Wasikie. Nani ameimba uongo?" Akapeperusha makapi kwenye ungo. "Baba yako aliusikia miaka yote akiwa amekaa pale barazani. Akinywa uji. Hakuwahi kuinuka akaja nyuma ya jiko akaniuliza, mke wangu, unasema nini? Huyu mtoto wa watu amepanda mlima kuja kuniuliza ninasema nini. Ningemnyima?"

"Ungenipa mimi," nilisema. Sauti yangu ilitoka ya kitoto, nikaichukia. "Mimi ndiye mwanao. Mimi ndiye ninayeijua miziki. Watu wanakuja kwangu kutoka Ilemba kufuata nyimbo."

Mama aliokota kijiwe kwenye maharage, akakitazama, akakitupa.

"Hajamaliza, lakini," alisema. "Beti ziko tatu. Ya tatu sikumpa."

"Kwa nini?"

"Si yake. Ni ya kwenu ninyi niliowazaa."

Nakiri nilifurahi. Nilifurahi kwa ubaya kabisa. Albamu yake itoke, nikajisemea, izunguke dunia nzima ikiwa na pengo, na kinachojaza pengo hilo kitakuwa kwangu. Nikaiweka simu tayari kurekodi. Mama aliniona. Akajishika magoti, akainuka, akaenda nyuma ya jiko ambako jiwe bado lipo, limeota ukungu kwa upande mmoja. Akachota ulezi kiganja kimoja kutoka kwenye kopo, akaumwaga, akapiga magoti. Nilitaka kumsaidia, akanipungia nikae.

Akaanza kusaga. Aliimba zile mbili kwanza, sauti yake imekuwa nyembamba, inakatika kwenye kupanda, lakini mwendo wa mikono ulikuwa ule ule ambao wale wa Dar es Salaam wameuwekea besi. Kisha akaingia ya tatu. Niiseme kwa Kiswahili kama nilivyoielewa. Nimezaa, nyumba imejaa, nasaga peke yangu. Wanangu wana masikio mazuri, wameyapeleka nchi ya watu. Mwenye kulia huko mbali wanamsikia. Mimi nililie wapi, nami niko karibu?

Akarudia mara mbili, kama wimbo unavyotaka. Halafu akaacha jiwe, akakusanya unga ule kidogo kwa ukingo wa kiganja, akainuka kwa kushika ukuta, akakung'uta kitenge. Simu yangu ilikuwa inarekodi bado.

"Hii ya tatu ulikuwa unaiimba lini?" nilimuuliza. "Zile mbili nazijua. Hii sijawahi kuisikia."

"Kila siku," alisema mama. "Ulikuwa unatoka mlangoni unaniambia nipunguze sauti, husikii muziki wako."