Moto Usiotoa Moshi

Nimelelewa mtaa wa Katindo na mama ambaye kwake mwanamke anayejua kuwasha moto ni yule ambaye mbabula yake, jiko lake la makaa, haitoi moshi. Ukifukiza ua, majirani wanakohoa kwa makusudi ili usikie. Nilijifunza vizuri. Makala yangu hushika haraka, yakawa mekundu na safi, na ninajivunia jambo hilo mpaka leo.

Basi siku ya kwanza ya kukagua mzinga wangu wa nyuki, nililijaza makala bomba la kuwafukizia nyuki moshi ili watulie.

Mzinga ulikuwa mmoja tu, kisanduku kirefu chenye vijiti juu ambavyo nyuki hujengea masega yao. Ulikaa juu ya mawe meusi ya volkano, nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane, huko Lac Vert, pembezoni mwa mji. Kwetu nyumba zimebanana, hakuna pa kuweka hata kuku. Mjane akinifukuza, ufugaji wangu umeishia hapo.

Nilifunua kifuniko, nikapuliza. Badala ya moshi ikatoka hewa ya moto na cheche. Nyuki kadhaa waliungua mabawa, wenzao wakamiminika nje kwa hasira. Mimi nilikuwa nimejifunika wavu. Mjane, aliyekuwa akipalilia maharage yake, hakuwa na kitu. Alifika ndani akiwa ameumwa shingoni mara mbili.

Nyuki walipotulia, mjane alikuja kuchungulia ndani ya bomba. "Hii ni moto ya nini? Unataka kupika nyuki?"

"Ni makala, mama. Yameshika vizuri."

"Hii ni moto ya kupika sombe. Nyuki zinataka moshi!"

Mara ya pili nilikuja na majani makavu ya mkaratusi, na moshi ulikuwa wa kutosha. Ila nilitaka kuliona sega vizuri, nikalilaza kama sinia. Nta ilikuwa changa. Sega likakatika, likaanguka chini pamoja na asali na watoto wa nyuki. Safari hii mjane aliumwa mdomoni, na kesho yake ilikuwa Jumapili, naye ni mwimbaji wa kwaya.

"Zikiniuma tena," aliniambia kwa shida, mdomo umevimba, "unabeba kisanduku yako. Sitasema mara ingine."

Sikumlaumu. Nilijikasirikia mimi mwenyewe, na hasira hiyo ilinifaa. Wiki nzima nyumbani nilishika kijiti kilichofungwa kipande cha kitenge, nikiuzoeza mkono kukigeuza kikiwa wima, bila kukilaza hata kidogo. Jioni niliwasha majani uani mpaka nikajua namna ya kuyafanya yafuke bila kuwaka. Majirani walikohoa. Niliwaacha wakohoe.

Mara ya tatu masega mawili yalipita salama. Nilipolishika la tatu, zito, limejaa nyuki pande zote, nikasikia mvumo ndani ya wavu wangu. Nyuki mmoja alikuwa ameingia. Alitembea shavuni, akapanda, akaniuma kwenye kope.

Mwili wote uliniambia tupa! Nilijua nikitupa, mzinga unaondoka leo hii. Nikasema kwa sauti, "Siachilii," nikaanza kulishusha sega huku machozi yakinitoka. Jicho lilikuwa limejifunga. Bomba lilikuwa kwenye jiwe, mbali na mkono wangu, na moshi ulikuwa unakwisha. Nyuki walianza kupanda juu.

Ndipo moshi ukaja kutoka ubavuni. Mjane alikuwa amejifunika kitenge kichwani, macho tu nje, akilipuliza bomba langu.

"Pole pole," alisema. "Leta kwa mukono ya kuume. Hapo. Shusha."

Tuliufunga mzinga pamoja. Yeye hakuumwa hata mara moja. Alinivua wavu, akanitazama usoni, akacheka mpaka akashika mbavu, nami nikaona haya na furaha kwa pamoja. Kisha akageuka, akanyoosha kidole kwenye migomba yake.

"Na pale," akauliza, "kisanduku ya pili haiwezi kuingia?"

Nilipatazama kwa jicho lililobaki, nikamwambia kitaingia.